Barua ya wazi kuhusu altrasaundi ya ubongo inayouzwa Malindi

Kwa waheshimiwa mliokabidhiwa usimamizi wa vituo vya afya, vifaa vya tiba na utafiti unaohusu binadamu katika ukanda wa Pwani ya Kenya,

KUH: MAWIMBI YA SAUTI YANAYOELEKEZWA UBONGONI KWA AHADI YA KUSHUSHA PRESHA, KUTULIZA MOYO NA KULETA USINGIZI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Malalamiko haya, kuhusu kituo kinachouza huduma hiyo hapa Malindi, mnayo tayari. Yaliletwa kwa maandishi, yakagongwa muhuri, yakafuatiliwa, na jibu pekee lililorudi lilikuwa la mdomo, tena mlangoni: "Hiyo si altrasaundi tu, kama ya waja wazito?" Swali hilo lina jibu refu kuliko linavyowezekana kujibiwa mtu akiwa amesimama mlangoni, kwa hiyo tunalijibu hapa hadharani. Mwenye kituo hatumtaji, wala afisa aliyetujibu. Shida tunayoieleza itabaki palepale hata wote wawili wakiondoka kesho.

Huduma yenyewe iko hivi. Mteja mwenye presha, au asiyepata usingizi, au mzee ambaye moyo wake hupiga ovyo, hukalishwa katika chumba chenye kiyoyozi. Hupakwa jeli kwenye panja, au chini ya kisogo pale ukosi unapoanzia. Probu, kichwa cha mashine kinachotoa mawimbi, hushikwa kwa mkono dakika ishirini hivi. Huambiwa kwamba mawimbi yanaingia mpaka kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha moyo, pumzi, joto na tumbo bila mtu kuamua, na kwamba sehemu hiyo sasa "imewekwa sawa". Hapigwi picha ya kichwa kwanza. Hafungwi nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Presha hupimwa anapoingia na anapotoka, basi.

Sisi tulioandika ni watu wa kazi hizi: mafundi wa mashine za hospitali, wapiga altrasaundi, wauguzi na matabibu. Hatuipingi sayansi hii. Tunaifuatilia kwa hamu, na ndiyo maana biashara inayofanywa kwa jina lake inatuudhi.

SAYANSI ILIYOPO NA INAPOISHIA

Kwamba mawimbi ya sauti yakikusanywa mahali pamoja yanaweza kubadili kazi ya ubongo si uzushi. Mwaka 1958 William Fry na wenzake, wa Illinois, Marekani, waliyaelekeza kwenye kituo cha njia ya macho ndani ya ubongo wa paka, na ishara za kuona zikafifia kwa muda, kisha zikarejea. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha mashine ya mawimbi makali kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mashine hiyo huunguza kitone cha ubongo kwa makusudi. Ina vipande 1,024 vya kutoa mawimbi vilivyopangwa kama kofia. Mgonjwa amelala ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, kichwa kimenyolewa na kubanwa kwenye fremu, maji baridi yanazunguka juu ya ngozi, na joto la pale palipolengwa linasomwa kwenye skrini kazi ikiendelea.

Barua hii inahusu mawimbi hafifu, yasiyounguza. Mwaka 2014 Wynn Legon na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya megahezi 0.5, yaani mitetemo nusu milioni kwa sekunde, yakipigwa mara 1,000 kwa sekunde kwa muda wa nusu sekunde, hubadili namna ubongo wa mtu unavyopokea mguso wa mkono. Mwaka 2024 kundi la Legon, Virginia Tech, lililenga insula na singuleti ya mbele, maeneo yanayounganisha maumivu na mwendo wa moyo, likaona maumivu yamepungua na tofauti ya muda kati ya pigo na pigo la moyo imebadilika. Ni matokeo mazuri sana. Ila waliopimwa ni watu wazima wenye afya, hata thelathini hawakufika katika kila utafiti, athari ilipimwa papo hapo maabarani, na hakuna aliyeambiwa ametibiwa presha.

Halafu kuna panya, ambao ndio wanaopenda kutajwa kwenye matangazo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walilenga sehemu ya mbele ya haipothalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachosimamia joto la mwili, ya panya wadogo kwa mawimbi ya megahezi 3.2. Joto la mwili lilishuka zaidi ya nyuzi 3, mapigo ya moyo yakapungua karibu nusu, na kwa kurudia mawimbi kila joto lilipopanda hali hiyo ilidumishwa zaidi ya saa 24. Katika panya wakubwa joto lilishuka nyuzi 1 hadi 2 tu. Fuvu la panya mdogo halifiki nusu milimita. Mawimbi ya megahezi 3.2 yakikutana na fuvu la mtu mzima, karibu yote huishia mfupani. Anayemwonyesha mzee wa mtaa wa Barani au Maweni hapa Malindi matokeo ya panya huyo kisha akamshikia probu kichwani anamuuzia kitu ambacho utafiti ule haukusema.

HOJA ZETU

1. Hakuna anayejua mawimbi yanatua wapi.

Haipothalamasi ya binadamu ni ndogo kama lozi, na iko kama sentimita 7 ndani ukipimia kutoka panjani. Kwa megahezi 0.5, urefu wa wimbi ndani ya ubongo ni milimita 3. Probu nzuri yenye umbo la bakuli inaweza kuyakusanya mawimbi hadi eneo lenye upana wa milimita 4 au 5 na urefu wa sentimita 2 hadi 4. Sasa chukua mkono wa mtu. Probu ikiinama digrii 5 tu, ambazo jicho halizioni, mawimbi kwa kina cha sentimita 7 yanahama milimita 6: yameshatoka kwenye shabaha, yapo kwa jirani. Ni mkono wa nani unaotulia dakika ishirini bila kuinama digrii 5?

Hapo tumefanya kama fuvu halipo. Sauti katika ubongo husafiri mita 1,500 na ushei kwa sekunde. Katika mfupa mgumu hufika 2,800 hivi, kwa hiyo wimbi hupinda linapoingia na hupinda tena linapotoka. Katikati ya fuvu kuna tabaka lenye vijitundu linalolitawanya. Wimbi likiupiga mfupa kwa mshazari wa zaidi ya digrii 20 hivi, sehemu kubwa hugeuzwa. Panjani, mfupa ulipo mwembamba, shinikizo linalopenya linaweza kuwa nusu; kwenye mfupa mnene ni robo au pungufu. Na kwa kuwa nishati hufuata shinikizo lililozidishwa kwa lenyewe, nusu ya shinikizo ni robo ya nishati, na robo ya shinikizo ni sehemu moja ya kumi na sita. Wateja wawili, kitufe kimoja, namba ileile, na tofauti ya kipimo ndani ya kichwa ni mara nne au zaidi.

Maabara hulitatua hivi. Kwanza MRI ya kuonyesha shabaha. Pili CT ya kuonyesha fuvu la mtu huyo, unene wake na msongamano wake. Tatu, hesabu ya kompyuta ya njia ya mawimbi kupitia fuvu hilo. Programu ya k-Wave hufanya kazi hiyo na haiuzwi. Nne, kamera inayofuatilia alama zilizobandikwa kichwani na kwenye probu, ili ikihama milimita mbili ionekane. Kituo tunachokizungumzia hakina hata hatua moja kati ya hizi nne.

2. Chini ya kisogo ndipo penye hatari kubwa, na ndipo wanapopapenda.

Anayepima mishipa ya damu ya kichwani kwa Dopla, altrasaundi ya kupima mwendo wa damu, anapajua mahali hapa. Ni uwazi kati ya fuvu na pingili ya kwanza ya shingo, na wimbi hupita humo bila kukutana na mfupa. Mbele yake kuna mishipa inayolisha nyuma ya ubongo, pamoja na sehemu ya chini ya shina la ubongo, penye vituo vinavyopokea taarifa za presha kutoka shingoni na kifuani na kuamuru moyo na pumzi. Ukitaka kugusa mambo yanayojiendesha mwilini, kweli umefika mlangoni kwake.

Hesabu yake ni hii. Kipimo kinachotumika kukadiria hatari ya wimbi kupasua tishu hupatikana kwa kugawa shinikizo la juu la kuvuta, kwa megapaskali, kwa kipeuo cha pili cha megahezi. Kikomo cha FDA kwa altrasaundi ya uchunguzi ni 1.9, na muungano wa kimataifa wa watafiti wa fani hii, ITRUSST, umeuchukua kikomo hicho pamoja na sharti kwamba joto lisipande zaidi ya nyuzi 2. Tuseme mashine ya megahezi 0.5 inatoa megapaskali 2 ndani ya maji. Panjani, fuvu likila nusu, inabaki 1, na kipimo ni 1.4. Hujavuka. Hamisha probu ileile chini ya kisogo bila kugusa kitufe: hakuna fuvu la kula kitu, kipimo kinakuwa 2.8. Hata ukitoa kinacholiwa na misuli ya shingo, bado uko juu ya 1.9, na nishati inayofika imeongezeka mara kadhaa. Mwendeshaji hajui, kwa sababu namba kwenye skrini haikubadilika.

Pembeni mwa shingo nako kuna mtego wake. Ukiibonyeza probu pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, mwili hudhani presha imepanda na kuushusha moyo. Kwa mzee, kubonyeza kwa kidole tu kunaweza kumzimisha. Mteja atasema, "Nimesikia moyo umetulia." Ametulizwa na kidole gumba, mashine hata ingekuwa imezimwa.

3. Mashine haijulikani ni nini.

Kibandiko cha mtengenezaji hakisomeki, na hakuna cheti cha vipimo. Umbo lake, kichwa bapa kisicho na bonde, ni la mashine ya fiziotherapia ya kukanda misuli, ambayo kwa kawaida hutoa megahezi 1 au 3. Ikiwa ndiyo hiyo, basi hakuna mawimbi yanayokusanywa mahali popote, na mfupa hula megahezi 1 zaidi ya unavyokula 0.5. Mashine hizo hutoa wati 1 hadi 2 kwa kila sentimita ya mraba, na kila anayefundishwa kuzitumia huambiwa siku ya kwanza asisimamishe kichwa cha mashine mahali pamoja. Sababu ni kwamba wimbi lake halilingani: katikati yake kuna doa ambalo nguvu yake inaweza kuwa mara tano ya wastani. Likisimama juu ya mfupa, utando wa mfupa hupata moto kabla ngozi haijahisi kitu. Panjani liko karibu na jicho pia, ambalo lenzi yake haina damu ya kuipoza. Ndiyo maana kikomo cha FDA kwa uchunguzi wa jicho ni miliwati 50 kwa sentimita ya mraba, wakati sehemu nyingine za mwili ni 720.

Tumeambiwa mashine "hupimwa" kwa kudondoshea maji juu ya probu na kuyaona yakirukaruka. Fundi yeyote anajua jaribio hilo linathibitisha kitu kimoja tu, kwamba inatoa. Inatoa kiasi gani, hujui. Kipimo cha kweli hufanywa ndani ya tangi la maji yaliyotolewa hewa, kwa haidrofoni, maikrofoni ya ndani ya maji, inayosogezwa milimita kwa milimita mbele ya probu. Hapa kwetu kingetakiwa mara kwa mara zaidi: chumvi ya hewa hula viunganishi, umeme hupanda na kushuka, na kipande cha seramiki ndani ya probu kikiachia upande mmoja mawimbi hubadilika umbo huku taa ya kijani ikiwaka vilevile.

4. Jeli juu ya nywele zilizosukwa.

Hewa hurudisha zaidi ya asilimia 99.9 ya mawimbi haya. Mama aliyesukwa mistari mikaza, akapaka mafuta ya nazi, akavaa mtandio, amebeba hewa katika kila msuko. Jeli ni maji; haishiki juu ya mafuta. Ukiitazama kwa karibu baada ya kubandika probu utaona viputo vyeupe vimejipanga kandokando ya kila mstari, na kila kiputo ni ukuta. Mawimbi yanayorudishwa hupasha moto uso wa probu, mteja anahisi joto, na anaambiwa, "Umeona? Yanaingia."

Kazi hii ikifanywa vizuri, nywele huoshwa na kutolewa mafuta, hutenganishwa mpaka ngozi ionekane, hulowanishwa kwanza kwa maji, kisha jeli iliyotolewa hewa husuguliwa kwa vidole mpaka kwenye mizizi. Chupa ya jeli haitikiswi. Maji ya kujaza mfuko wa probu huchemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, au huvutwa hewa kwa pampu. Asiyetaka kufumua nywele huahirishiwa.

5. Moyo unalengwa na hakuna anayeutazama.

Mawimbi ama hayafiki au yanafika. Yasipofika, mgonjwa amelipia jeli. Yakifika, yamefika pale ambapo mapigo yanaweza kushuka ghafla, presha kuporomoka au kupaa, na pumzi kubadilika. Katika hali hiyo ya pili mteja alitakiwa awe na ECG inayoendelea, kipimo cha oksijeni kidoleni, presha kila baada ya dakika chache, kitanda kinacholala bapa, atropini, dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, tayari kwenye bomba la sindano, na mtu aliyefunzwa kufufua moyo akiwa chumba hichohicho. Baada ya kikao hulazwa na kutazamwa, kisha presha hupimwa akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3, kabla ya kupanda tuktuk.

Linalotutia hofu kuliko yote halihusu mawimbi. Ni neno analoambiwa mteja kikao kikiisha, kwamba sasa anaweza "kupumzika dawa". Mtu anayekunywa atenolo, dawa ya presha na moyo, akiikata ghafla anaweza kupata maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo. Presha ya aliyeacha amlodipini, dawa nyingine ya presha, hupanda polepole bila dalili, hadi siku ya kiharusi. Hili likipigwa marufuku peke yake, leo, tutashukuru.

6. "Presha ilishuka" si ushahidi.

Mtu ametembea juani kutoka stendi, amepanda ngazi, amepimwa papo hapo. Akakaa dakika ishirini kwenye kiyoyozi, ameegemea, anasemeshwa kwa upole. Presha yake itashuka hata ukimwekea kijiko kichwani. Vipimo sahihi huanza baada ya kupumzika dakika 5, mgongo umeegemezwa, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, mkanda wa saizi ya mkono wake, mara mbili au tatu kwa kupishana dakika moja. Na mwenye madai makubwa humfunga mgonjwa kipimo cha saa 24, kabla na baada. Grafu za saa ya mkononi zinazoonyesha "utulivu wa neva" nazo tumeziona. Ukipumua polepole, mara 6 kwa dakika, grafu hiyo hupanda yenyewe.

Tena kuna sauti. Mawimbi yakipigwa mara 1,000 kwa sekunde, mtu anaweza kusikia mlio kupitia mfupa. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti, yakitumia wanyama, yalionyesha kwamba sehemu ya mwitikio wa ubongo uliodhaniwa kuwa wa mawimbi ulipitia sikioni. Ndiyo maana utafiti wa kweli huwa na kikao bandia chenye mlio uleule, na mgonjwa hajui amepata kipi. Hapa hakuna kikao bandia, labda vyote ni bandia.

7. Hakuna anayechujwa.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani uliotumia mawimbi ya kilohezi 300 pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa wa kiharusi. Ulisimamishwa kwa sababu damu ilivuja zaidi ndani ya ubongo. Tuwe wa haki: wale walikuwa wagonjwa mahututi, na mawimbi yalikuwa mapana, yakidundadunda ndani ya fuvu. Lakini ndiyo sababu anayekunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aliyepata kiharusi karibuni, mwenye kifafa, mwenye klipu au mrija kichwani, aliyepasuliwa fuvu, mjamzito na mtoto hawaingizwi katika kazi hii bila kamati ya maadili kujua. Fomu ya kituo inauliza jina, simu na njia ya malipo.

Neno moja kwa wazazi wa watoto wenye selimundu. Dopla ya kichwa wanayofanyiwa watoto wenu kliniki ni kitu kingine kabisa. Inatumia megahezi 2, inapima mwendo wa damu, na ikifika sentimita 200 kwa sekunde daktari anajua hatari ya kiharusi ni kubwa na huchukua hatua. Haikusudii kubadili ubongo. Msiikose kwa sababu ya barua hii.

TUNAYOTARAJIA KUAMBIWA

Kwamba ni altrasaundi ileile ya waja wazito. Ile ya picha hutumia megahezi 2 na kuendelea, kwa vipigo vifupi vya mikrosekunde chache, na wimbi lake hufagia huku na huku. Ya kubadili ubongo, ikifanywa inavyopaswa, hushuka chini ya megahezi 1, vipigo vyake ni virefu mara mamia, na husimamishwa mahali pamoja kwa sababu nia yake ni kubadili kitu.

Kwamba haina mionzi. Kweli, haina, na matokeo yake ni kwamba haimhusu anayesimamia eksirei, hivyo kila ofisi inaisukumia nyingine. Leseni ya kituo, kibali cha kifaa na kibali cha utafiti viko katika meza tatu tofauti. Mwananchi hawezi kuzizungukia zote.

Kwamba FDA imeidhinisha. Imeidhinisha kuunguza kitone kwa ajili ya kutetemeka, ndani ya MRI. Kwa presha au usingizi, kwa mashine hii, hapana.

Kwamba wateja walitia sahihi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mtu aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida na hatari, kwa lugha anayoielewa. Karatasi wanayotia sahihi ni ya Kiingereza na Kiitaliano. Na ikisemwa kwamba ni utafiti, basi hakuna utafiti ambao mshiriki hulipishwa, hauna itifaki, hauna kamati ya maadili na matokeo yake hayaandikwi popote.

TUNAYOOMBA

Kwanza, huduma hii isimamishwe, si kufungwa milele, mpaka mashine itambuliwe kwa jina, namba na masafa, na ipimwe kwa haidrofoni na mtu asiyelipwa na kituo.

Pili, probu kuwekwa chini ya kisogo au pembeni mwa shingo kwa nia ya tiba kukatazwe mara moja, bila kusubiri vipimo hivyo.

Tatu, litolewe tangazo kwa Kiswahili, redioni na zahanati zote kuanzia Gede hadi Mambrui, kwamba yeyote aliyepita kwenye huduma hii asiache dawa, na aliyeacha arudi kliniki apimwe.

Nne, kituo kikabidhi orodha ya waliohudumiwa kwa daktari mtakayemteua, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ili wenye dalili wafuatiliwe: maumivu mapya ya kichwa, kuzirai, kuona ukungu, ganzi ya uso, mapigo yasiyo ya kawaida.

Tano, atakayetaka kuendelea aje kwa njia ya utafiti: itifaki, kibali cha maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, CT na MRI, hesabu ya fuvu la kila mshiriki, ECG muda wote, kikao bandia, na bure kwa mshiriki. Akija hivyo, baadhi yetu tuko tayari kumsaidia kufunga vifaa.

Sita, meza tatu tulizozitaja zituandikie kwa pamoja ni ipi kati yao inayobeba jukumu la vifaa vya aina hii. Ombi hili tunalileta chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibu. Tunazihesabu kuanzia siku barua hii itakapogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nakala iliyotiwa sahihi, pamoja na hesabu zote za hoja ya 1 na ya 2 na picha za kibandiko cha mashine, imeambatanishwa kwenye bahasha. Atakayetumwa kukagua akihitaji fundi wa kufuatana naye, tupo.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa vifaa vya tiba, wapiga altrasaundi, wauguzi na matabibu
Malindi